Wimbo wa Nyumba ya Duara

Sogeeni karibu, na mwenye kazi mkononi aendelee nayo. Hadithi hii haihitaji macho, yatosha masikio.

Palikuwa na mwanamke aitwaye Siwatu binti Mbwana, na kazi yake ilikuwa kusikiliza mbingu. Watu wengi huitazama, yeye aliisikiliza. Alikuwa na dishi kubwa, pana kuliko uwanja wa mpira, lenye kunasa mawimbi ya redio yatokayo mbali, na alilielekeza kwenye wingu jeusi lililo kati ya nyota, mahali ambapo mwenye darubini ya kutazamia haoni ila shimo la giza. Wenzake walizoea kumuuliza, "Siwatu, pale pana nini? Hapana kitu pale."

Naye alikuwa akijibu, "Hapaonekani kitu. Kama pana kitu au hapana, bado nasikiliza."

Jibu hilo alilirudia miaka mingi, na hakuna aliyemsikia akilitoa kwa hasira.

Namna alivyoingia ndani ya wingu lile haitatuchelewesha. Alifika, basi. Nchi aliyoikuta humo inaitwa Utandu, na mji wake mkuu Mwangani.

Utandu hakuna jua wala mwezi. Baridi yake huingia mpaka kwenye meno, na hewani limetanda vumbi laini kama unga, linalomeza mwanga wowote ukienda mbali kidogo. Kwa hiyo watu wa Mwangani huishi kwa karabai, zile taa za kupigwa pampu, zenye mwanga mweupe na mvumo usiokoma. Kila raia ana ya kwake, na cheo cha mtu hupimwa kwa ukali wa taa yake. Sheria ya kwanza ya nchi ni fupi: kinachoonekana kipo, kisichoonekana hakipo.

Aliyempokea Siwatu langoni ni Bi Salha, mama mtu mzima aliyesafisha vioo vya taa za Baraza. Kabla ya kumtazama mgeni usoni, aliishusha taa yake mpaka usawa wa magoti ili isimuumize macho. Siwatu hakulisahau jambo hilo.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Chukua taa hii, na usiiache izime hata ukilala. Ikizima, watu hawatakuona."

"Lakini si nitakuwapo?"

"Kwako utakuwapo. Kwetu hutakuwapo. Kuna bibi mmoja taa ilimzimikia sokoni. Kaka yake akampita ubavuni, akaenda moja kwa moja nyumbani kwake kutoa pole za msiba. Yule bibi alipofika kwake na taa ya kuazima, akakuta matanga yamekwisha kutandikwa. Wakamwambia akae na wafiwa wenzake."

Siwatu akacheka. Bi Salha hakutaka kucheka, kwa kuwa sheria ni sheria, lakini mwishowe na yeye alijifunika mdomo kwa upande wa kanga.

Nyumbani kwa Bi Salha palikuwa na bakuli mbili juu ya rafu, zimefunikwa kwa kitambaa safi. Kila siku aliziteremsha, akazisuuza, akazirudisha, na hakuna aliyekula ndani yake. Siwatu alivumilia, kisha akauliza.

"Za wanangu," alisema Bi Salha. "Mapacha, Sudi na Saada. Hapa kwetu watu wawili wanaokwenda wameshikana daima huitwa sumu. Wanasema zamani wawili wa namna hiyo walionekana karibu na kisima, na maji yakaua watu. Kama ni wao walioharibu maji au walikuwa wanapita tu, hakuna aliyeuliza. Wanangu walipokua, walinyang'anywa taa, wakatolewa langoni. Walielekea bondeni."

"Wapo huko mpaka leo?"

"Nani aseme? Waliotumwa bondeni na taa walirudi wakasema hawakuona mtu. Na sasa masizi na majivu ya taa zetu yamejaa mpaka ukutani, hakuna pa kuyatupa. Kikao kijacho Baraza litatangaza kwamba bonde ni tupu, kisha masizi yote yamwagwe humo." Alifuta bakuli ambayo tayari ilikuwa kavu. "Kama wapo, watafukiwa."

Siwatu hakumwambia asijali. Alichukua bakuli ya pili, akamsaidia kuifuta.

Asubuhi yake, ikiwa neno hilo lina maana katika nchi isiyo na jua, alikwenda serikalini kuuliza habari za bonde. Alipelekwa kwa Mnusaji Mkuu, Bwana Rihani. Ofisi hiyo ilianzishwa kwa sababu kumbukumbu za kale zinawataja watu wa bondeni kwa jina la Wanukato. Serikali ikaona kwamba watu wenye jina kama hilo wakiwapo lazima wanukie, ikamweka afisa wa kunusa. Bwana Rihani alikuwa mwembamba, mpole, mwenye mafua yasiyokwisha.

"Mwaka hadi mwaka naapa mbele ya Baraza kwamba sijanusa kitu," alisema. "Na ni kweli tupu."

"Unanusia wapi, bwana?"

"Hapa hapa ofisini."

"Naona dirisha limefungwa."

"Likifunguliwa, baridi huingia na pua inaziba. Nikiziba pua nitafanyaje kazi?"

Siwatu alimweleza kwa adabu kwamba hata kwao kuna ukoo wa molekuli, vitu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, uliopewa jina la namna hiyo, kwa kuwa wa kwanza kujulikana walinukia vizuri. Baadaye ikaonekana kwamba wengi wa ukoo huo hawana harufu ya kutajika. Kinachowafanya ndugu ni kwamba wameshikana katika duara.

Bwana Rihani alifikiri sana. "Hilo likisemwa barazani, sitakuwa na kazi," alisema. Hata hivyo, mgeni alipoinuka kuondoka, alivua skafu yake shingoni akamfunga yeye. "Bondeni kuna baridi kuliko hapa," akasema. Siwatu alikuwa bado hajamwambia kwamba anakwenda bondeni.

Kwenye ukingo wa bonde alifungua kizibo cha hewa cha taa yake ili izime. Mwanga ukafifia, mvumo ukakoma. Hapo ndipo alipotambua kwamba tangu afike Utandu masikio yake hayakupata kupumzika hata kidogo. Taa zile zilivuma kila mahali na kila wakati, na watu wa Mwangani hawakujua kwamba zinavuma, kwa kuwa hawakupata kusikia chochote kingine.

Akateremka ametanguliza mikono. Pembeni yake upepo mdogo ulimpita, kisha mwingine, kama wa kitu kinachozunguka, lakini bila sauti yoyote. Halafu mbele yake akasikia mvumo mwembamba, mtamu, unaopanda na kushuka.

"Taratibu, bibie, utatukanyaga," ilisema sauti ya mwanamke mzee, ya mtu aliyezoea kutania. "Huko Mwangani hawawafundishi kutembea bila taa?"

"Niwie radhi. Sikujua kama kuna watu."

"Ndivyo wasemavyo wote. Pita ndani."

Kabla hajaulizwa jina lake, Siwatu alivutwa katikati, mahali penye joto. Mwenye sauti ile alikuwa Bi Tunu, na nyumba yake haikuwa na ukuta wala paa. Watu sita walikuwa wameshikana mikono katika duara, na duara hilo ndilo nyumba. Walizunguka ili wasigande. Bonde zima lilijaa nyumba za namna hiyo.

"Mbona nyingine hazisikiki?" aliuliza Siwatu. "Nimezipita hazina hata mlio."

"Duara lililo sawa pande zote hunyamaza. Gurudumu likikaa sawa, utasikia nini? Na sisi tulikuwa hivyo hivyo, mpaka walipotufikia hawa."

Siwatu alipapasa nje ya duara, akawagusa vijana wawili. Mmoja ameshikilia bega la mtu wa nyumba, wa pili amemshika mwenzake, wamejipanga moja kwa moja kuelekea nje kama mkia wa tiara.

"Kila mmoja wetu huwa na kifurushi chake begani," alieleza Bi Tunu. "Ndugu yangu huyu alikitua cha kwake ili wapate pa kushika."

"Hamkuogopa? Mjini wanasema wawili kama hawa ni sumu."

"Tulisikia habari hizo. Tukawagusa, tukakuta wana baridi."

Akaukaza mkono wa jirani yake, duara likaendelea kuzunguka.

"Tangu hapo upande mmoja ni mzito," aliendelea Bi Tunu. "Tukizunguka tunapepesuka, na kupepesuka ndiko kunakovuma. Mwanzo tuliona haya. Majirani wote kimya, sisi tunalia kama nyuki."

"Anajifanya tu," ilisema sauti ya kijana wa kike, naye ndiye Saada. "Mvumo ukipungua kidogo, yeye wa kwanza kuuliza nani kaondoka."

"Nyamaza wewe. Nani kakuuliza?"

Siwatu alikaa nao muda mrefu, akisikiliza kama alivyojua kusikiliza. Akagundua kwamba hawakuweza kuzunguka kwa mwendo wowote tu. Palikuwa na mwendo wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kuendelea, na katikati ya mmoja na mwingine hapakuwa na kitu. Kila walipoteremka kutoka mwendo mmoja hadi wa chini yake, walitoa sauti yake, isiyobadilika. Sauti hizo zikipangwa kutoka nene hadi nyembamba, zilipandana kama ngazi, na hakuna nyumba nyingine duniani wala mbinguni yenye ngazi kama ile. Alichukua kitambaa chembamba cha kufutia vioo, alichopewa na Bi Salha, akatia nukta za masizi mahali pa kila sauti: nene kushoto, nyembamba kulia.

Alipoaga, Sudi, ambaye hakuwa amesema kitu, alimuuliza, "Mama bado anaweka bakuli zetu?"

"Anazisuuza kila siku."

Mvumo wa nyumba ile ulitetemeka kidogo, kisha ukarudi mahali pake.

Aliporudi mjini, Siwatu alimsimulia Bi Salha yote aliyoyasikia bondeni. Kisha Baraza likakutana katika jumba la ghorofa lenye roshani inayoelekea bondeni. Mkuu wake, Mheshimiwa Kandili, alikuwa na taa kali kuliko zote, hata waliokaa karibu naye walivaa kofia za ukingo mpana. Mambo yalianza vizuri kwa waliotaka bonde litangazwe tupu. Bwana Rihani aliapa hajanusa kitu. Kisha Siwatu akasimama.

"Waheshimiwa, bondeni kuna watu. Nimekaa nao. Zimeni taa kwa muda mfupi, mtawasikia kutoka hapa mlipo."

Ukumbi ulichafuka.

"Taa zikizimwa, Baraza halipo," alisema Mheshimiwa Kandili. "Na Baraza lisipokuwapo, ushahidi utapokelewa na nani?"

"Na posho ya kikao atalipwa nani?" aliuliza mwingine kutoka nyuma.

Walijadili jambo hilo kwa kirefu. Hoja zao zilipangika vizuri kabisa, na Siwatu alikiri moyoni kwamba, ukikubali sheria yao ya kwanza, huwezi kuzivunja. Kwa hiyo hakujaribu. Aliomba vitambaa.

"Taa zibaki," alisema. "Kila mheshimiwa atatoka hapo roshani kwa zamu na kitambaa chake. Akidhani amesikia sauti nene, atie nukta kushoto. Nyembamba, kulia. Za katikati, katikati. Tutarudia mpaka vitambaa viishe. Na hiki hapa ni kitambaa changu, nilichokitia alama bondeni. Naomba kikae kwa mtu ambaye hataki maneno yangu yawe kweli."

Macho yote yakamgeukia Bwana Rihani. Akakipokea bila kukitazama, akakikunja polepole ili masizi yasifutike, akakitia mfukoni upande wa moyo.

Zamu zikaanza. Taa zilivuma, kofia zikagongana mlangoni.

"Mimi nasikia taa yangu tu," alinung'unika mmoja.

"Itie nukta hiyo taa, mheshimiwa."

"Na tumbo langu limeunguruma. Nalo nilitie?"

"Lisiachwe."

Vitambaa viliporudi, kila kimoja kilikuwa kama kimechafuliwa na nzi. Mheshimiwa Kandili alikiinua kimoja, akacheka, na ukumbi ukacheka naye. "Mgeni, hapa pana nini? Hapana kitu."

"Kwenye hicho kimoja, kweli hapaonekani kitu," alisema Siwatu. Naye Bi Salha, aliyekuwa amesimama ukutani na ndoo yake ya kusafishia vioo, aliona mikono ya mgeni imetulia kabisa, akapata nguvu.

Siwatu aliviweka vitambaa kimoja juu ya kingine, kingo zikiwa sawa, kisha akaomba ruhusa kuvitundika mbele ya taa ya Mheshimiwa Kandili, kwa sababu ndiyo pekee yenye mwanga wa kupenya vyote. Mheshimiwa alipenda sifa hiyo, akakubali.

Mwanga ukapita. Nukta za mvumo wa taa zilikuwa zimeanguka ovyo, huku na huko, zikawa kivuli hafifu kama moshi. Tumbo la mheshimiwa halikuunguruma mahali pamoja mara mbili, nalo likapotea. Lakini palikuwa na mahali ambapo nukta ziliangukia palepale, kitambaa baada ya kitambaa, na hapo palikuwa peusi kama mboni ya jicho. Peusi hapa, tena hapa, tena hapa, kwa kupandana kama ngazi. Waheshimiwa wenyewe walikuwa wamezitia, kwa mikono yao, kila mmoja akidhani hakusikia kitu.

Bwana Rihani alisimama bila kuitwa, akatoa kitambaa kilichokuwa mfukoni mwake, akakifunua, akakibandika juu ya vile vingine. Kila nukta yake ilikaa juu ya weusi. Alisogea nyuma, akapenga kamasi, akasema kwa sauti ya kawaida, "Nimeapa miaka yote kwamba sijanusa kitu. Leo naapa kwamba nimesikia."

Siwatu aliona fahari siku ile, na sioni kwa nini afiche. Aliona fahari kwa ajili ya watu sita gizani waliozunguka kwa uaminifu wakati hakuna aliyewahesabu, na kwa ajili ya mzee mmoja mwenye mafua.

Mheshimiwa Kandili alijikohoza. "Vema. Nyumba moja ipo. Tutaizungushia ukuta, na masizi yamwagwe kwingine kote."

"Waheshimiwa." Ni Bi Salha aliyesema, na msafisha vioo haruhusiwi kusema barazani. "Wanangu hawakuijenga ile nyumba. Waliikuta. Ilikuwapo siku zote na hamkuisikia, kwa kuwa ilikuwa sawa pande zote. Mmeisikia leo kwa sababu ilifungua mkono kwa watu mliowaita sumu. Zile ambazo bado hazijapata mgeni ni ngapi? Nani humu anajua?"

Bi Salha akaitua ndoo yake sakafuni.

"Basi mimi nitasikiliza," alisema, akafungua kizibo cha taa yake.

Kwa mujibu wa sheria, Bi Salha hakuwapo tena. Waheshimiwa walipatazama pale ukutani kama watu wanaotazama ukuta.

"Nipo hapa hapa nilipokuwa," ilisema sauti yake.

Bwana Rihani akafungua kizibo chake. Halafu yule wa tumbo. Halafu wengine, mmoja baada ya mmoja, wengine kwa aibu, wengine kwa kuwa jirani amezima. Mheshimiwa Kandili alibaki peke yake aking'aa, na kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyeonekana wa kumwona, mwisho akachoka. Taa yake ilitoa pumzi ndefu, ikanyamaza.

Tangu Mwangani ujengwe, kimya hakikuwahi kuingia humo. Kiliingia siku ile, na nyuma yake, kutoka chini bondeni, ukapanda ule mvumo mwembamba wa nyumba inayopepesuka upande mmoja.

Bi Salha alipapasa mpaka kwenye roshani. Watu walimpisha njia gizani, na kuna mkono uliomshika kiwiko asijikwae. Wote walidhani atawaita Sudi na Saada. Yeye aliinama ukingoni, akaita kwa sauti yake yote:

"Hamjambo nyote wanane?"

Chini ikajibu sauti ya mzee mwenye utani, ikifuatwa na nyingine saba, "Hatujambo, mwenzetu. Shuka, pana nafasi." Na katika bonde lote, kutoka nyumba ambazo hakuna aliyezisikia kabla, watu waliitikia salamu.

Uamuzi wa Baraza ulipitishwa mle mle gizani: bonde si tupu, na masizi yasimwagwe humo hata kiganja kimoja. Uamuzi huo haukuandikwa, kwa kuwa hapakuwa na mwanga wa kuandikia, na mpaka leo ndiyo sheria pekee ya Utandu ambayo kila mtu anaifuata. Mwangani taa huzimwa kwa zamu sasa. Bwana Rihani hakupoteza kazi, alifungua dirisha. Na zile bakuli mbili haziko tena juu ya rafu.

Siwatu alirudi kwenye dishi lake. Alisikiliza sauti moja baada ya nyingine mahali alipojua zinapaswa kuwa, akaziweka moja juu ya nyingine kama vile vitambaa, mpaka kelele zikafifia na ngazi ikasimama wazi. Wenzake walikuja nyuma ya kiti chake, kama kawaida yao.

"Siwatu, pale pana nini?"

Alijifunga vizuri ile skafu ya Bwana Rihani.

"Pana nyumba," alisema. "Na imepokea wageni."